Imani ya Jumatatu na kifungu cha 15

Kijana mmoja wa kwaya yetu alipata kazi ya Leta. Tulimshukuru Mungu pamoja naye mbele ya kanisa. Mama yake alileta sadaka ya shukrani, akacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Miezi michache baadaye kijana huyo alinifuata baada ya ibada. Alingoja watu waishe uwanjani, ndipo akaniuliza: "Baba Mchungaji, mkubwa wangu kazini anasema nchi yetu ni laiki, kwa hiyo mambo ya Mungu niyaache mlangoni. Ni kweli?"

Nilidhani wamemkataza kuomba, au kubeba Biblia yake. Hapana. Waliletewa mazutu ya jenereta. Karatasi ilisema mapipa 10, yeye alihesabu 6, na alitakiwa atie sahihi kwamba yote 10 yameingia gala. Aliposita, mkubwa wake akamkumbusha kwamba biro si kanisa.

Swali lake lina mafundo mawili, na ni vizuri kuyafungua moja moja. Fundo la kwanza ni neno lenyewe: laiki maana yake nini? La pili ni gumu zaidi: mkristo anaishije siku ya Jumatatu, mahali ambapo hakuna mchungaji, hakuna wimbo, na wote walio karibu naye wanangoja kuona kama atatia sahihi?

Laiki si nchi isiyomtaka Mungu

Katiba yetu ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ni Leta ya sheria, huru, moja, isiyogawanyika, ya kidemokrasia, na laiki. Wengi wakilisikia neno hili la mwisho wanafikiri nchi imemfukuza Mungu. Lakini katiba hiyohiyo, katika maneno yake ya utangulizi, inataja wajibu wetu mbele ya Mungu. Na katika kifungu cha 74, rais anapoingia kazini anaapa mbele ya Mungu na taifa. Nchi iliyomfukuza Mungu isingemwita awe shahidi wa kiapo.

Laiki maana yake ni kwamba Leta haina kanisa lake. Haimlazimishi mtu kuamini, haimzuii kuamini, wala haimwulizi anasali wapi kabla ya kumpa haki yake. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, na ruhusa ya kuonyesha imani yake hadharani au faraghani, mradi aheshimu sheria, utulivu wa watu wote na haki za wengine. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani katika masomo au katika kazi za Leta kwa sababu ya dini yake, kabila lake au mahali alipotoka.

Neno hili lilitufikia kwa Kifaransa. Huko Ufaransa, sheria ya mwaka 1905 ilitenganisha makanisa na serikali, na ilikuja na ugomvi mkubwa kati ya pande hizo mbili. Kwetu njia ilikuwa nyingine, na sisi Waprotestanti tunapaswa kuijua vizuri kuliko wengine.

Mwaka 1906, Leta ya mfalme Léopold ilifanya mapatano na Vatikani. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikachukua kazi ya kufundisha. Wamisionari wa Kiprotestanti, ambao wengi wao walikuwa Waingereza, Wamarekani na Waswidi, walionekana kama wageni wasioaminika. Kwa miaka mingi shule zao hazikupata msaada wa fedha ambao shule za jirani zilipewa. Msaada huo uliwafikia baada ya Vita Kuu ya Pili. Halafu mwaka 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alianza kufungua shule za Leta zisizo za misioni yoyote. Hapo ndipo wazee wetu wengi walipolisikia neno laiki kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kelele kwamba wapagani wanaletwa. Lakini kwa mtoto wa Mprotestanti lilikuwa darasa ambalo mlangoni pake hakuna aliyemwuliza baba yake anasali wapi.

Siandiki haya ili kuamsha ugomvi wa zamani. Leo maaskofu Wakatoliki na viongozi wetu wa ECC wanatembea pamoja kutafuta amani ya nchi hii, na wengi wetu tuna dada au shemeji katika parokia ya upande wa pili wa barabara. Ninaandika ili tukumbuke kwamba Leta isiyo na kanisa ilikuwa faida kwetu wakati tulipokuwa wachache.

Wazee wanakumbuka pia upande mwingine. Katika miaka ya 1970, Leta iliyosema haina dini ilijitafutia dini yake yenyewe. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, na mtumishi wa Mungu aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa gereza. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko. Mwisho wa mwaka huohuo masomo yote yalichukuliwa mikononi mwa makanisa, na saa ya dini ikawa saa ya kufundisha mawazo ya chama na ya Kiongozi. Picha yake ikawekwa mahali ambapo msalaba ulitolewa. Haikudumu. Shule zilianza kuharibika, na tarehe 26 Februari 1977 Leta hiyohiyo ilitia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu ili wazisimamie tena. Ndiyo sababu mpaka leo tuna masomo ya konvansione: programu na mshahara vinatoka kwa Leta, usimamizi uko kwa kanisa.

Kwa hiyo jibu la fundo la kwanza ni fupi. Neno laiki halikumwambia yule mkubwa aibe mapipa 4. Sheria ya Leta inakataza karatasi ya uongo, na sheria ya Mungu inaikataza pia. Kijana alipokataa, alitii zote mbili. Mkubwa wake alikuwa anatii sheria ya tatu.

Sheria ambayo wote tunaijua bila kuisoma

Sheria hiyo tunaiita kifungu cha 15. Mtoto wa miaka kumi anaijua: jitafutie mwenyewe, pita unapopitia. Wanasema ilianza kama kicheko huko Kasai, siku za uhuru. Tangu hapo imekuwa kama katiba halisi ya nchi. Polisi wa barabarani anaitaja akikusimamisha, mwalimu anaitaja, na karani naye anaitaja kabla ya kutafuta karatasi yako ambayo iko mbele yake mezani.

Sitaki kuidharau yote. Mama anayeamka saa kumi usiku kubeba ndizi hadi sokoni, ili watoto walipiwe daftari, naye anaishi kwa kifungu cha 15. Motari anayelala juu ya pikipiki yake akingoja abiria, vilevile. Wengine wetu tunaishi mahali ambapo benki zimefungwa, mishahara haifiki, na vita imekula mashamba. Mtu aliyeshiba asiwahubirie hao uvivu wao. Kujitafutia kwa namna hiyo ni heshima.

Lakini chini ya jina hilohilo kuna kitu kingine, nacho kina majina matamu: matabishi, madesu ya bana, kahawa ya shefu. Hapo hatujitafutii. Tunamtafuna jirani.

Hapo ninaona tofauti kati ya dunia ya kisasa ya Ulaya na ile ya kwetu. Ulaya makanisa yamekuwa matupu, na mtu anaweza kukuambia usoni kwamba hamwamini Mungu. Kwetu makanisa yamejaa. Tuna ibada mbili, tatu kwa Jumapili moja, tuna mikesha, na jina la Mungu limeandikwa kwenye basi, kwenye duka la dawa na kwenye mlango wa mtengeneza nywele. Wanaosema hakuna Mungu ni wachache sana. Ila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi sheria nyingine inaanza kazi, na Mungu haulizwi tena mpaka Jumamosi jioni kwaya inapofanya mazoezi. Kwa makusanyiko yetu ninaogopa kutoamini kwa namna hii kuliko vitabu vya wanafilozofia.

Soma Luka 3:12-14. Watoza ushuru walikuja kubatizwa, wakamwuliza Yohana wafanye nini. Hao walifanya kazi kwa ajili ya utawala wa Warumi, ambao hawakumjua Mungu wa Israeli. Ningekuwa mimi, labda ningewaambia waache kazi ile wajiunge na kwaya. Yohana hakusema hivyo. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Wakaja askari, akawaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Hawakupewa mlolongo wa maombi; walipewa maagizo ya kazi. Kila ninapofika kwenye bariere na kuona kamba ikishushwa, nakumbuka mistari ile, na nakumbuka pia kwamba yule anayeishika kamba huenda ni mshirika wa kanisa langu.

Kifungu cha 15 kilichoandikwa

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 15 kipo kweli. Ukifungua katiba ya 2006 utakiona, na hakina kicheko hata kidogo. Kinaagiza mamlaka za nchi zihakikishe kwamba ukatili wa ngono unakomeshwa. Kinaendelea kusema kwamba ukatili huo ukifanywa kwa nia ya kuvunja jamaa na kufutilia mbali watu wa mahali fulani, ni kosa la jinai dhidi ya ubinadamu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikakaa kimya. Kiliandikwa kwa sababu ya mambo yaliyofanyika huku kwetu mashariki, katika vijiji ambavyo majina yake tunayajua, kwa mama na dada ambao tunaimba nao.

Kwa hiyo tuna vifungu viwili vya 15. Kimoja kinasema kila mtu ajiangalie. Kingine kinasema nchi nzima imwangalie mwanamke aliyeumizwa. Swali la mkristo katika nchi laiki, kwa maoni yangu, ni hili: siku ya kazi, unatii kipi?

Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyomfuata baba yake alipokwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Yeye mwenyewe alipokuwa mgonjwa nyumbani alipewa dawa, basi akamwuliza baba yake kwa nini mtoto yule hakupewa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kwamba baba ataomba na yeye atatoa dawa. Alisoma udaktari Bujumbura, akafanya kazi katika hospitali ya kanisa huko Lemera, akaenda Ufaransa kujifunza magonjwa ya wanawake, akarudi. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilivamiwa, na wagonjwa pamoja na wafanyakazi wakauawa humo. Mwaka 1999 alianza Panzi, chini ya jumuiya ya CEPAC. Alitaka mama wapate mahali salama pa kuzalia. Mgonjwa wa kwanza aliyefanyiwa upasuaji hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa na kupigwa risasi. Mwaka 2018 Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad, binti Myazidi wa Iraq.

Wengi wetu tunajivunia tuzo hiyo kana kwamba tuliipewa sisi. Mimi naangalia namna kazi ilivyopangwa. Panzi ni hospitali ya kanisa, lakini imo katika mpango wa afya wa nchi, na anayefika na jeraha haulizwi alibatizwa wapi. Mwanamke anatibiwa mwili, anasaidiwa katika moyo wake, anafundishwa kazi ili apate namna ya kuishi, na anayetaka anasaidiwa kufikisha mambo yake mahakamani. Angalia hilo la mwisho. Hospitali ya kanisa inampeleka mama mbele ya hakimu wa Leta laiki, ili kifungu cha 15 kilichoandikwa kifanye kazi yake. Pale imani haikuiogopa sheria ya nchi, wala haikungoja nchi iwe ya kikristo kwanza.

Na sisi huku paroisi? Hapa lazima niseme jambo linalouma. Binti anabakwa, jamaa mbili zinakutana, wanahesabu mbuzi, na mzee wa kanisa anafunga mkutano kwa maombi. Wakati mwingine binti anaozwa kwa yule aliyembaka, na tunaita amani. Sheria ya 20 Julai 2006 iliongeza ukali wa adhabu ya ubakaji, lakini haina nguvu pale mashahidi wote wamekwisha kula mbuzi. Halafu mama aliyerudi kutoka porini anafukuzwa na mume wake, na Jumapili anaketi benchi la nyuma peke yake kama mwenye ukoma. Siku kama hiyo ile Leta tunayoiita ya kipagani iko karibu na haki ya Mungu kuliko baraza la wazee. Kama wewe ni mzee wa kanisa na umewahi kuketi katika mkutano wa namna hiyo, usinikasirikie. Mwulize binti aliyehesabiwa mbuzi jinsi anavyoona.

Biro, soko na darasa

Watu wengine wakisikia kwamba imani inapaswa kwenda kazini, wanaanzisha kikundi cha maombi ndani ya biro. Sikatai maombi. Lakini nimesimama kwenye mstari mbele ya dirisha tangu saa mbili, pamoja na mama wenye watoto mgongoni, tukisikia ndani wanaimba vizuri sana. Walimaliza saa nne kasoro. Kama ni saa ya kazi, basi saa hiyo ni mali ya wale walio kwenye mstari. Aombe mapema kabla dirisha halijafunguliwa, kisha alifungue kwa wakati, na asiulize matabishi. Na mkubwa asimlazimishe mfanyakazi Mwislamu au Mkatoliki kuja katika maombi yake ili apandishwe cheo. Hilo katiba inalikataza, na Yesu hakulifanya kwa mtu yeyote.

Sokoni mambo ni rahisi kueleza. Kopo la kupimia unga likipigwa kitako kikaingia ndani, kila mnunuzi anapunjwa vijiko kadhaa. Walawi 19:35-36 inakataza kipimo cha namna hiyo na kumtaja Mungu palepale, kana kwamba kopo ni jambo la ibada. Mama mmoja muuza maharage aliniambia kwamba alipobadilisha kopo lake alipoteza faida kwa wiki mbili, kisha wateja wa jirani wakahamia kwake. Sitafanya habari yake kuwa ahadi kwa kila mtu. Wengine wanapoteza faida na hairudi.

Darasani ndipo ninapolala nikiwaza. Masomo ya konvansione yanabeba jina letu ukutani. Mtoto wa Mwislamu, wa Mkatoliki, wa mtu asiye na dini, wote wanaingia, na ni haki yao. Tukiwafundisha saa ya dini asubuhi, halafu mchana alama zinauzwa, kwa franga au, Mungu atusamehe, kwa mwili wa binti, tumewafundisha dini gani? Mtoto yule ataondoka anajua kwamba kanisa ni mahali pa kuimba na dunia ni mahali pa kununua. Hakuna mwalimu wa upagani angefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Najua mwalimu ana njaa, na mshahara wake tunaujua. Kwa hiyo neno hili haliwahusu walimu peke yao. Linawahusu wasimamizi wanaopeleka mwalimu kituoni kwa bahasha, na mwalimu akifika huko anatafuta namna ya kuirudisha.

Kuhusu kijana wangu, nilimsomea Danieli 6. Tunapenda sana tundu la simba, lakini mimi nilimsomea mstari wa 4. Adui zake Danieli walikagua kwanza kazi yake ya serikali. Walitafuta kosa, walitafuta ufisadi, hawakupata. Ndipo wakaona kwamba hawana njia ila kumshtaki kwa maombi yake. Wangepata karatasi moja tu ya mapipa 10, wasingehitaji simba.

Akaniuliza kuhusu mambo ambayo hayako katika uwezo wake: anajua wengine wanatia sahihi, anakula nao saa sita, anaendesha gari lililonunuliwa labda kwa fedha za namna hiyo. Je, aache kazi? Hapo nilimsomea Naamani, 2 Wafalme 5:18-19. Yule jemadari alikwisha kumjua Mungu, lakini kazi yake ilimlazimu kuingia na mfalme katika nyumba ya Rimoni, mfalme akiegemea mkono wake. Alimwomba Elisha msamaha mapema kwa ajili ya jambo hilo. Elisha hakumpa hotuba. Alimwambia aende kwa amani. Mimi naona tofauti kati ya kuwa ndani ya nyumba na kutia sahihi. Kuwa ndani, Mungu anajua unavyobanwa. Sahihi ni mkono wako mwenyewe. Wachungaji wengine wana maoni makali zaidi kuliko haya, na ninawaheshimu, lakini wengi wao hawajawahi kufanya kazi chini ya mkubwa.

Kijana hakutia sahihi. Aliandika 6, akaweka jina lake chini. Wiki mbili baadaye alihamishiwa chumba cha karatasi za zamani, ambako kuna panya na hakuna primu. Mshahara ni uleule, unapofika. Mama yake, aliyecheza ile siku, hakunisalimia Jumapili mbili mfululizo. Nilimfuata. Akaniambia: "Baba Mchungaji, ulimfundisha mtoto wangu vizuri. Sasa nyumba nani atalipa?"

Sikuwa na jibu la Biblia. Niliita baraza. Tulizungumza saa nzima kama kanisa lina haki ya kumhubiria mtu ukweli, halafu kumwachia peke yake bei ya ukweli huo. Mweka hazina alisema sanduku la diakonia ni la wajane na wakimbizi, na alisema kweli, maana wakimbizi tunao wengi. Mwishowe mama wa kikundi cha wanawake walisema wataleta maharage na makaa kila mwezi, na wanaume wawili wenye kazi walikubali kusaidia kodi ya nyumba hadi Pasaka. Si kitu kikubwa. Katika miaka yangu yote ya utumishi ilikuwa mara ya kwanza kuona baraza letu likipanga bajeti ya mtu aliyekataa kuiba.

Bado yuko katika chumba cha karatasi. Anasema panya amewapunguza. Jumapili iliyopita mama yake alinisalimia tena, akanishika mkono muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninajua mahali pengine wanapotafuta karani.